Nuru Inayofichua Zebaki: Kutoka Gome la Kinkina hadi Mito ya Beni na Butembo

Tangu mwaka 1982, utawala wa Rais Mobutu uliporuhusu raia kuchimba madini kwa mikono, Butembo, mji wa Kivu Kaskazini, umekuwa soko muhimu la dhahabu ya Lubero na Ituri. Katika uchimbaji wa namna hiyo mashariki mwa Kongo hutumika zebaki, metali ya majimaji inayonasa chembe za dhahabu mchangani, kisha huchomwa hadi iwe mvuke. Sehemu yake huishia mitoni, ambako bakteria wa matopeni huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu iliyopitia kwa samaki na kuharibu neva za wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana nayo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Zebaki iliyoyeyuka majini haionekani kwa macho. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni katika lita moja ya maji ya kunywa, na kiasi kidogo hivyo hupimwa kwa mitambo ya maabara inayohitaji umeme wa uhakika. Ndiyo maana wanakemia walitafuta njia nyepesi zaidi, wakaipata katika fluoresensi, yaani tabia ya kitu kupokea mwanga wa aina moja na kutoa mwingine wenye rangi tofauti.

Chimbuko la elimu hiyo linaigusa Kivu yenyewe. Mwaka 1845 mwanasayansi John Herschel aliona nuru ya buluu katika maji yenye kinini, dawa itokayo katika gome la kinkina, mti uleule unaolimwa na wakulima wa Butembo na Lubero, na mwaka 1852 George Stokes akaeleza sababu yake. Kwa kutumia nuru ya namna hiyo, mwaka 2003 wanakemia Elizabeth Nolan na Stephen Lippard, huko Marekani, walitangaza kihisi, yaani molekuli inayowaka ikikutana na zebaki majini, na mwaka 2005 watafiti wa Korea Kusini wakatumia rodamini, rangi waliyoibadilisha ili molekuli yake ikae imejifunga bila kung'aa mpaka zebaki, inayovutwa mno na salfa iliyomo, iifungue.

Vihisi hivi havijakamilika, kwa kuwa tope huzuia mwanga, na zebaki nyingi zaidi hujificha katika mashapo na samaki kuliko katika maji yenyewe. Hata hivyo, vyuo vikuu vya Butembo na mji jirani wa Beni vinastahili kupewa vifaa vya kuvijaribu mitoni, kuanzia mto Semliki, pamoja na kupima samaki wanaouzwa sokoni.