Mlango umevimba, ukuta umepasuka: maji hufanya nini ndani ya vitu?

Masika yakianza tu, milango ya mbao nayo inaanza ukaidi. Ule uliofungwa vizuri mwezi Januari sasa mpaka usukumwe kwa bega. Wengi humwita fundi aje na randa. Kiangazi kikirudi, mlango uleule unaacha mwanya wa mjusi kupita.

Mhusika ni maji. Ndiyo hayohayo yanayopasua chupa kwenye friza, kufupisha gauni jipya na kuchana kuta za nyumba. Ukijua yanavyofanya kazi, unaokoa hela.

MBAO HUNYWA UNYEVU WA HEWANI

Si lazima mlango unyeshewe ndipo uvimbe. Mbao ina nyuzi ndogondogo zinazopokea unyevu hata kutoka hewani. Maji yakiingia kwenye nyuzi hizo, zinanenepa. Hewa ikikauka, zinasinyaa.

Ila ubao huvimba kwa upana, siyo kwa urefu. Ubao mbichi ukikaushwa kabisa, upana unaweza kupungua kwa asilimia 4 hadi 8 hivi, wakati urefu unapungua kwa karibu asilimia 0.1 tu. Ndiyo maana mlango hubana zaidi upande wa kitasa kuliko juu na chini.

Mabaharia wa pwani yetu wanaitumia tabia hiyo kwa faida. Jahazi likikaa nchi kavu muda mrefu, mbao husinyaa na kuacha nafasi. Mafundi huziba kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta. Likirudi majini huvuja kidogo mwanzoni, kisha mbao zinavimba na kubanana zenyewe.

UDONGO UNAOINUA NYUMBA

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa Shinyanga au wa Kitengela nje ya Nairobi, una chembe zilizopangana kama kurasa za kitabu. Maji hupenya kati ya kurasa hizo na kuzitanua. Mvua ikinyesha, ardhi inainuka. Jua likiwaka, inashuka na kupasuka nyufa ambazo mkono unaingia.

Tatizo ni kwamba haiinuki sawasawa. Udongo ulio katikati chini ya nyumba umefunikwa, hivyo unyevu wake haubadiliki sana. Ule wa pembeni unalowa na kukauka kila msimu. Msingi unapinda, na ukuta unachanika kwa mshazari, mara nyingi kuanzia kwenye kona za madirisha na milango.

Kuziba ufa kwa plasta ni kuficha tu. Ukiwa bado hujajenga, dawa iliyozoeleka ni kuchimba udongo huo wote hadi kufikia mwamba au udongo mgumu, kisha kujaza moramu na kuishindilia. Gharama yake inauma, lakini kubomoa na kuanza upya kunauma zaidi.

MAJI YAKIGANDA

Vitu vingi vikipoa hupungua. Maji nayo hupungua, lakini yakifika nyuzijoto 4 za Selsiasi yanageuka na kuanza kutanuka. Yakiganda yanaongezeka kwa karibu asilimia 9, hivyo lita 1 ya maji inadai nafasi ya lita 1.09 hivi. Chupa ya kioo iliyojaa hadi mdomoni haina nafasi hiyo, inapasuka. Acha nafasi juu, na soda usiisahau kwenye friza.

NGUO ILIYORUDI

Kiwandani uzi wa pamba huvutwa unapofumwa. Ukiufua, nyuzi zinavimba, mvutano unaachia na kitambaa kinafupika. Kwa hiyo kitambaa kipya cha pamba kiloweke na ukikaushe kwanza, ndipo umpelekee fundi cherehani akukate vipimo.

VIPI KUHUSU VIDOLE?

Ukifua muda mrefu, ncha za vidole hujikunja. Wengi hudhani ngozi imevimba kwa maji. Kumbe ni kazi ya mishipa ya fahamu: inaiamuru mishipa ya damu iliyo ndani ya vidole isinyae, na ngozi ya juu inabonyea. Tangu miaka ya 1930 madaktari waliona kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umeharibika hakijikunji hata kikilowekwa.

KABLA HUJATOA HELA

• Mlango ukibana wakati wa mvua, usikimbilie randa. Subiri ukauke, kisha upake rangi au vanishi pande zote, hata ukingo wa juu na wa chini ambao mafundi wengi huusahau.

• Ukiona ufa ukutani, weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukiendelea kurefuka masika na kiangazi, tafuta mhandisi, siyo mpaka rangi.

• Maji ya paa yapelekwe mbali na msingi kwa mfereji, na bomba linalovuja karibu na ukuta litengenezwe mapema.

• Ukinunua kiwanja, kikague wakati wa kiangazi. Ardhi nyeusi yenye nyufa pana inakuambia mapema gharama ya msingi itakavyokuwa.