saizi ya tairi

*nomino* [i-/zi-]. Mfululizo wa tarakimu na herufi uliopigwa chapa ubavuni mwa tairi, unaoonyesha upana wa tairi, kimo cha ubavu wake na kipenyo cha rimu linamovalishwa. *Mf. Saizi ya tairi za nyuma haifanani na ya mbele.*

Matumizi. Katika Kiswahili sanifu *tairi* huingizwa katika ngeli ya [li-/ya-]: *tairi hili, matairi haya*. Katika mazungumzo, hasa gereji, [i-/zi-] imeenea: *tairi hii imeisha, tairi zimeisha*. Mwandishi achague moja na kuishika hadi mwisho. *Tairi* si *gurudumu*: gurudumu ni tairi pamoja na rimu yake, na mwongozo wa gari unaoagiza gurudumu libadilishwe hauagizi tairi jipya linunuliwe. Neno *rimu* lina maana nyingine, ile ya fungu la karatasi, lakini muktadha huondoa utata. Michoro inayokamata ardhi huitwa *kashata*, bila shaka kwa kufanana na vipande vya kitafunwa cha nazi au karanga. Tairi lililokwisha kashata ni *kipara*. Maneno haya mawili hayana upungufu wowote, na mtafsiri hana haja ya kuyakwepa kwa maelezo marefu.

Namna ya kusoma namba. Mfumo wa zamani ndio unaokutwa kwenye magari kama Land Rover Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Ile ndefu ya 109 ilivishwa kwa kawaida 7.50-16, na ile fupi ya 88 ilivishwa 6.00-16. Namba zote mbili hapa ni inchi: ya kwanza upana, ya pili kipenyo cha rimu. Kistari huonyesha tairi la nyuzi za mshazari. Herufi R ikikaa mahali pake, 7.50R16, tairi ni *radiali*. Nukta haigeuzwi kuwa koma, na pale inapodondoshwa, 750-16, mia saba na hamsini hiyo si milimita.

Mfumo mpya huchanganya vizio katika mstari mmoja, na hapo ndipo tafsiri nyingi huanguka. Katika 235/85R16, 235 ni milimita, 85 ni asilimia, 16 ni inchi. Kimo cha ubavu ni asilimia 85 ya 235, yaani karibu milimita 200; ukijumlisha ubavu wa juu na wa chini pamoja na rimu ya milimita 406, kipenyo kizima ni takriban milimita 806. Kuandika “kimo cha milimita 85” ni kumpa msomaji tairi lisilopo. Namba ya kati ikikosekana, kama katika 205R16, haimaanishi sifuri: kwa kawaida uwiano huchukuliwa kuwa asilimia 82 hivi, na kipenyo kinakuwa karibu milimita 743.

Kulingana na kutoshea. Vitenzi hivi viwili vitenganishwe. *Kutoshea* ni tairi kuingia rimuni na kuzunguka bila kugusa bodi. *Kulingana* ni kubeba kazi ileile ya tairi la awali. Tuchukue Land Rover 109 ya Songea, inayopanda lami kwenda Njombe wiki hii na wiki ijayo inashuka njia za udongo mwekundu kufuata mahindi, katika mvua zinazoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mwenye gari akikosa 7.50R16, 235/85R16 *inalingana* nayo kwa kimo. 265/75R16 nayo ina kimo karibu kilekile, milimita 804, lakini ni pana kwa milimita 30 zaidi, na rimu nyembamba za awali hazikukusudiwa kwa upana huo. 205R16 *inatosha* kwa kuvaa tu: gari litashuka kwa sentimita tatu hivi, kina ambacho kwenye matuta ya tope katikati ya njia ndicho huamua kama difu itakwama, na kipima mwendo kitaonyesha 80 wakati gari linakwenda karibu 74.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya saizi mbele na nyuma. Land Rover hizi hazina difu ya katikati. Magurudumu manne yakiendeshwa pamoja juu ya ardhi ngumu, tairi za vipenyo tofauti hushindana na mkazo wote hubebwa na gia na ekseli. Kwa hiyo sentensi ya mwongozo isemayo tairi zote ziwe za saizi moja itafsiriwe kwa *lazima*, si kwa *ni vyema*.

Fahirisi ya mzigo. Baada ya saizi hufuata alama kama 120/116Q. Tafsiri ya “kilo 120” ni kosa la hatari. 120 ni namba ya jedwali, na jedwali linasema kilo 1400 kwa tairi moja. 116, kilo 1250 kwa kila tairi, ni pale yanapofungwa mawili mawili. Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Tairi la gari dogo laweza kuwa na kipenyo cha kuridhisha na fahirisi isiyofikia kabisa gunia za mahindi zitakazopakiwa Namtumbo au Mbinga.

Tyubu. Pia *mpira wa ndani*. Tairi *lisilo na tyubu* lisichukuliwe kuwa haliwezi kuwekewa tyubu. Rimu za zamani zilizoungwa kwa ribiti huvujisha upepo, hivyo huhitaji tyubu hata tairi likiandikwa halihitaji.

Tarehe. Tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na DOT si sehemu ya saizi. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la akiba lililolala mgongoni mwa gari miaka yote hiyo laweza kuwa na kashata nzima na mpira uliokwisha kupasuka.