Kodiani ya shaba chini ya Kombi

Gari likipelekwa gereji kwa kosa la kuchemsha, mara nyingi kitu cha kwanza kutolewa ni themostati. Fundi anaichomoa, anaitupia kwenye kopo la bolti, kisha anamtuliza mwenye gari: "Hii ni ya nchi za baridi, bosi. Huku kwetu haina kazi." Niliwahi kulipia maneno hayo, tena kwa pesa taslimu.

Cha ajabu, gari lililong'olewa themostati kwa imani hiyo ni Kombi ya zamani ya Volkswagen, ambayo haina rejeta, haina pampu ya maji, na haijawahi kuchemsha maji kwa sababu haina hata tone la kuchemsha. Wala si mafundi wetu peke yao waliofanya hivyo. Huko Marekani pia wengi wenye Volkswagen za zamani walizitoa, wakiamini kwamba injini inayopozwa kwa upepo haiwezi kudhurika kwa kupata upepo mwingi zaidi.

Hoja hiyo inaingia akilini mpaka utazame injini yenyewe ilivyokusudiwa kufanya kazi.

Mwaka 1934 Ferdinand Porsche alipewa mkataba wa kubuni gari ambalo Mjerumani wa kawaida angeweza kulinunua, ile Volkswagen ndogo tunayoiita kobe. Mjerumani huyo hakuwa na banda la gari. Gari lingelala nje kwenye theluji, na maji yaliyoganda usiku huweza kupasua injini. Mhandisi wake Franz Xaver Reimspiess akachora injini ya silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, zenye mapezi ya chuma, na juu yake feni inayozungushwa na mkanda. Upepo hauchemki wala haugandi. Ubaya wake ni kwamba feni hupuliza tangu injini inapowaka, iwe imepoa au ina moto. Na injini ile inataka moto: silinda zake ni za chuma cha kalibu, pistoni za alumini, na vyuma hivyo havitanuki sawasawa. Nafasi kati yake zilipimwa kwa ajili ya injini iliyokwisha kupata joto.

Kwa hiyo wakaiwekea mlinzi. Chini ya silinda za upande wa kulia kuna kikopo cha shaba chenye mikunjo, kama kodiani ya taarabu iliyosimamishwa wima. Ndani yake hewa imeondolewa na kuachwa kimiminika kidogo. Kikipoa, kodiani hujikunja na kuvuta waya unaofunga njia ya upepo. Kikipata joto, kimiminika hugeuka mvuke, kodiani hutanuka, na springi hufungua njia. Katika injini za mwanzo kilichofungwa kilikuwa mdomo wa feni, kwa bangili iliyosogea mbele na nyuma. Katikati ya miaka ya 1960 bangili ikaondolewa, vikawekwa vibati vya kujifungua na kujifunga ndani ya nyumba ya feni.

Sehemu inayonifurahisha zaidi ni hii: waliobuni walifikiria pia siku ya kufa kwake. Kodiani ikitoboka, hewa ya nje huingia, nayo hutanuka na kubaki imetanuka. Waya ukikatika, springi huacha njia wazi. Themostati ya namna hii ikifa, inakufa mlango ukiwa wazi. Ndiyo maana fundi aliyeing'oa hakuona balaa lolote siku ile, wala mwezi ule. Mteja aliondoka ameridhika.

Hasara ilikuja polepole. Injini inayochelewa kupata joto hutembea muda mrefu na mafuta mengi ya kabureta, na petroli isiyoungua husafisha oili kwenye kuta za silinda. Unyevunyevu nao hauishi ndani ya injini. Fungua kifuniko cha oili utakuta ute wa rangi ya maziwa. Lile neno la "nchi za baridi" nalo linaanguka kwa hesabu ndogo. Themostati hii hufungua kabisa kwenye nyuzi 65 hadi 70 za Selsiasi. Dar es Salaam mchana wa jua kali, nyuzi 32 au 33, bado ni baridi kwa injini hiyo. Sembuse Limuru au Makete saa kumi na mbili asubuhi.

Kombi ilihitaji uangalizi huo kuliko kobe, ndugu yake mdogo wa umbo. Wazo lake lilitoka kwa Mholanzi Ben Pon, aliyeona mikokoteni ya injini ikibeba vipuri kiwandani Wolfsburg na tarehe 23 Aprili 1947 akachora sanduku juu ya magurudumu katika daftari lake. Tarehe 8 Machi 1950 utengenezaji ukaanza, kwa injini ile ile ya kobe: sentimita za ujazo 1,131, nguvu za farasi 25. Injini hiyo ndogo sasa ilisukuma abiria wanane na mizigo, tena ikiwa imefungiwa kwenye chumba kidogo nyuma. Kwetu Kombi zilikatwa paa watalii wasimame kutazama simba, na nyingine zikawa matatu.

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo themostati ilisingiziwa. Injini ya Kombi ikizidi joto, mara nyingi mkosaji ni mpira unaoziba nafasi kati ya mabati ya injini na bodi. Mpira ukioza, feni huvuta hewa iliyokwisha kuchomwa na silinda na egzosti kutoka chini, na kuirudisha juu. Bati lililotupwa kwa sababu "linasumbua kufunga" huleta balaa hilo hilo. Mkanda ukikatika, feni husimama papo hapo. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka, dalili kwamba mkanda huenda umekatika, unasimama hapo hapo, hata kama umebakiza kilomita mbili kufika.

Kuipima themostati hakuhitaji mashine. Itie kwenye sufuria ya maji, injika jikoni, weka kipimajoto. Ikifika nyuzi 65 hadi 70 iwe imenyooka angalau milimita 46. Ikipoa ijikunje tena. Ile inayobaki imenyooka kwenye maji baridi imetoboka.

Ujerumani ilianza kuweka injini za petroli zinazopozwa kwa maji kwenye gari hili mwaka 1982. Brazil iliendelea na upepo hadi Desemba 2005, na Kombi ya mwisho kabisa ikatoka huko mwaka 2013. Kodiani za asili sasa zinatafutwa kama lulu, na wapo wanaotengeneza mbadala zinazotumia nta.

Ukinunua Kombi kuukuu, chuchumaa upande wa kulia wa injini uchungulie chini. Ukikuta kishikio kitupu na waya unaning'inia, usimlaumu fundi wako wa leo. Aliyeitoa huenda alistaafu kabla huyu hajazaliwa.