Merikebu ya Pili ya Mytilene

Mwaka 427 KK raia wa Athene waliamua kuuangamiza mji mzima. Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, ulikuwa umeasi mwaka mmoja kabla, ukazingirwa, njaa ikaubana hadi ukasalimu amri. Hukumu: wanaume wote wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikang'oa nanga kumpelekea amri hiyo jemadari Paches.

Kesho yake watu walijuta, wakakutana tena. Cleon aling'ang'ania kwamba hukumu isiguswe. Diodotus akampinga, tena si kwa kuomba huruma: waasi wakijua kwamba watauawa hata wakisalimu amri, watapigana hadi mwisho, na mji uliobomoka haulipi kodi. Mikono ikainuliwa, pande mbili zikakaribia kulingana, Diodotus akapita.

Wanahistoria wengi hukaa na wasemaji hao wawili. Mimi ni mtoto wa mvuvi, na jicho langu linawafuata wapiga makasia. Merikebu ya pili, iliyotumwa kuitangua amri ya kwanza, iliachwa nyuma kwa muda wa mchana na usiku, na mbele yake kulikuwa na kilomita zipatazo 340 za bahari. Wajumbe wa Mytilene waliipakia divai na unga wa shayiri, wakaahidi zawadi nono ikiwahi. Merikebu za namna hiyo zilikuwa na wapiga makasia 170 katika safu tatu, wale wa chini wamebanana karibu kabisa na maji. Desturi yao ilikuwa kushuka pwani kula na kulala. Safari hii walikula huku wakivuta, unga uliokandwa kwa divai na mafuta ya zeituni, wakalala kwa zamu. Thucydides, aliyeandika habari za vita vya wakati huo, anasema hawakukutana na upepo wa mbisho, na wale waliotangulia walikwenda polepole kwa sababu kazi waliyotumwa ilikuwa ya kuchukiza.

Paches alikuwa amekwisha kuisoma amri na kujiandaa kuitekeleza merikebu ya pili ilipofika.

Wapiga makasia wengi wa Athene walikuwa maskini wasiomudu silaha za askari wa miguu. Himaya nzima ilisimama juu ya migongo yao, na ujira wao ulitegemea kodi ya miji iliyotawaliwa. Waliokuwa raia walikuwa pia na haki ya kupiga kura, kwa hiyo mikono iliyovuta usiku ule huenda mingine iliinuliwa siku ya kwanza kutaka mauaji. Hata hivyo nawaheshimu kuliko Diodotus.

Lakini kilichofuata siwezi kukiita msamaha. Kwa hoja ya Cleon, waasi zaidi ya 1,000 waliuawa. Kuta za mji zilibomolewa, merikebu zake zikachukuliwa. Ardhi ya Lesbos, isipokuwa ya mji wa Methymna, iligawanywa mafungu 3,000: 300 ya miungu, mengine ya Waathene waliopigiwa kura ya bahati. Wenyeji waliendelea kuyalima mashamba hayo hayo, wakilipa drakma 200 kila mwaka kwa kila fungu.