Udadisi wa Mashine na Gharama ya Kujaribu

Mwaka 1990 Jürgen Schmidhuber alipendekeza mashine ijifunzayo kwa tuzo ituzwe pale utabiri wake unapokosea. Mwaka 1991 alijirekebisha: ituzwe kadiri modeli yake ya mazingira inavyoboreka. Marekebisho hayo yalihitajika, maana mashine ifuatayo mshangao mtupu hunaswa na mkwaruzo wa redio isiyoshika stesheni, usiofundisha kitu. Mwaka 2020 mbinu ya Plan2Explore iliiwezesha mashine kupanga udadisi wake ndani ya modeli kabla ya kutenda. Mwaka huohuo UNICEF ilifungua Lilongwe chuo cha ndege zisizo na rubani. Ndege ikianguka modelini, hasara ni umeme wa kompyuta. Ila modeli iliyofunzwa kwingine haiujui upepo wa Kasungu, ambako majaribio yalianza 2017.