Sahani Tatu

Wanafunzi wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu, na kwamba mambo wafanyayo watoto jikoni hayastahili kuandikwa. Nitaeleza hapa habari za mchezo mmoja wa watoto, ili msomaji aamue mwenyewe kama fikira hiyo ni sahihi.

Katika nchi ya Ayalandi usiku wa tarehe 31 Oktoba ni usiku mkubwa. Hapo kale, kabla ya dini ya Kikristo kufika, wenyeji waliadhimisha majira hayo kwa jina la Samhain. Mavuno yalikuwa yamekwisha, ng'ombe wamerudishwa kutoka malisho ya milimani, na miezi ya baridi na giza i karibu. Iliaminiwa kwamba wakati huo mpaka baina ya walio hai na wafu hulegea. Baadaye Kanisa liliiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba. Mkesha wake ukaitwa Halloween kwa Kiingereza, nazo desturi za kale zikaendelea chini ya jina jipya.

Katika nyumba za wakulima, ambamo kuwa na watoto wanane au kumi hakukuwa jambo la ajabu, jioni hiyo ilingojewa kwa hamu. Viazi vilipondwa pamoja na mboga za majani, vikatiwa siagi. Uliokwa mkate wenye zabibu kavu, na ndani yake ikafichwa pete. Aliyeikuta katika kipande chake aliambiwa kwamba ndiye atakayetangulia kuoa au kuolewa. Matofaa yalielea katika beseni la maji, na watoto wakashindana kuyatoa kwa meno, mikono ikiwa nyuma, hata wakalowa mpaka mabegani. Wengine walichimba moyo wa tanipu, wakalichonga macho na kinywa, wakatia mshumaa ndani, wakapata taa ya kuwatisha wapitao njia.

Lakini ulikuwapo mchezo mwingine, ambao ndani yake kicheko kilichanganyika na hofu. Sahani tatu ziliwekwa mezani: moja ina maji, moja ina pete, na moja ina udongo. Mtoto alifungwa kitambaa machoni, sahani zikabadilishwa mahali, kisha akanyosha mkono. Akigusa pete, ataoa. Akigusa udongo, atakufa mapema. Akigusa maji, atavuka bahari aende ng'ambo.

Ajuaye habari za nchi ile hatashangaa kuona kwamba maji yaliwekwa meza moja na udongo. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, chakula ambacho maskini walikitegemea karibu peke yake. Njaa ikaendelea mpaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Hata baada ya njaa kwisha, safari hazikukoma. Aghalabu shamba lilirithiwa na mwana mmoja tu, na wengi wa ndugu zake wakapanda meli kwenda Marekani. Usiku wa kuagana, jamaa na majirani walikesha na msafiri kama watu wakeshavyo na maiti, kwa maana wengi wa waliokwenda hawakuonekana tena.

Wahamiaji hao waliichukua sikukuu yao pamoja nao. Huko Marekani waliliona boga, ambalo ni kubwa kuliko tanipu na ni rahisi kuchongwa. Ndiyo sababu taa ya Halloween ijulikanayo leo duniani ni ya boga.

Je, habari za jikoni zilihifadhiwaje? Mwaka 1937 tume iliyokusanya mila na hadithi za Ayalandi, ikisaidiwa na walimu, iliwaomba watoto wa shule za msingi wawaulize wazee wao habari za zamani na kuziandika madaftarini. Kazi hiyo iliendelea mpaka 1939. Walishiriki watoto wapatao 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000, na maandishi yao yanatunzwa katika chuo kikuu kiitwacho University College Dublin. Baadhi ya wazee walioulizwa walizaliwa miaka michache tu baada ya njaa. Waliwaeleza wajukuu michezo ya usiku ule, na wajukuu wakaandika. Wazee hao wote wamekwisha kufa, bali maneno yao yangalipo.

Waswahili husema kuishi kwingi ni kuona mengi. Msomaji, huenda nyumbani kwenu yuko nyanya au babu akumbukaye jinsi sikukuu zilivyosherehekewa alipokuwa mtoto, nani alikuwapo, na nani hakurudi. Watoto wa Ayalandi hawakuwa na elimu kukupita wewe, wala hawakuwa na chombo zaidi ya kalamu na daftari. Waliuliza mapema tu, wazee wangali hai.