Kuumika, Kupiga Chuku na Kutoa Damu

Mfasiri wa historia ya utabibu hukutana mapema na tiba iliyodumu Ulaya zaidi ya miaka 2,000: kumpunguza mgonjwa damu ili maumivu yapoe. Wengi wetu huandika "kutoa damu", tukaendelea. Lakini siku hizi maneno hayo humpeleka msomaji kwenye benki ya damu, na mgonjwa mahututi huonekana kana kwamba anawachangia wenziwe.

Hapana budi kutenganisha matendo mawili. La kwanza ni kukata mshipa na kuiacha damu itiririke bakulini. Galen alifundisha kuwa afya ni mizani ya damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Damu ikizidi, ipunguzwe. Kwa imani hiyo George Washington, aliyeugua koo, alikatwa mshipa mara nne tarehe 14 Desemba 1799, akafa usiku uleule. Mwaka 1835, Pierre Louis wa Paris alitoa hesabu za wagonjwa wa nimonia zilizoonyesha kuwa faida ya tiba hiyo ilikuwa ndogo mno.

Tendo la pili ni kuumika. Mwumishi huchanja ngozi mahali panapouma, hubandika pembe na kufyonza hewa kwa tundu la nchani, damu ikavutwa. Pembe hiyo ndiyo chuku, au ndumiko. Waarabu nao hawachanganyi: kukata mshipa ni fasd, kuumika ni hijama.

Wapo wanaodhani kuwa tiba hii ililetwa pwani pamoja na neno hijama. Kitenzi chenyewe chakataa. Washona husema kurumika, Wazulu ukulumeka, kwa maana ileile; na d ya ndumiko ni alama ya sauti iliyokwisha kudondoka katika kuumika. Shina ni lile la kuuma, lililotupa pia maumivu. Hijama ilikuta tendo lenye jina.

Twapendekeza, basi, kukata mshipa kwa tendo la kwanza na kuumika kwa la pili. Kutoa damu kuachiwe wachangiaji na maabara. Kupiga chuku, ingawa ni sahihi, kumekwisha kutekwa na maana ya kutia chumvi, na mwanafunzi atakayesoma kuwa tabibu "alipiga chuku" atacheka kabla ya kuelewa. Ama ruba, jina lao limo kamusini tayari, wala halina mgogoro.